Shati la Mwalimu

Mtaani walimwita Mama Hebu, kwa sababu hakuna kitu alichokitazama bila kusema "Hebu nione," na ukishamsikia hivyo, ujue kitu hicho hakitarudi kama kilivyokuwa. Mikono yake haikujua kutulia. Katika chumba cha kushonea cha hospitali, alikofanya kazi miaka ishirini na sita, alitia mpira kwenye pembe za shuka ili muuguzi mmoja aweze kutandika kitanda peke yake. Mkubwa wake alimfokea kwa kuharibu mali ya serikali. Mwezi uliofuata akamletea shuka mia mbili nyingine, kimya kimya, bila hata kumtazama usoni. Si kwamba kila kitu kilifaulu. Birika la nyumbani alilibadilisha mdomo, na tangu siku hiyo chai ilimwagika kila mahali isipokuwa kikombeni. Lakini afadhali huyo kuliko sisi tunaolalamikia birika lile lile miaka kumi na hatulishiki.

Kisha mumewe akapooza mkono wa kulia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa shati la pasi na vifungo mpaka shingoni. Mkono mmoja haukutosha kuvifunga, na kuvalishwa na mke kama mtoto wa chekechea alikataa katakata. Akabaki ndani na fulana yake. Wenzake wa drafti, pale nyuma ya kinyozi, walimngoja mpaka wakachoka. Miezi saba! Mama Hebu alimwona akififia kitini, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

"Hebu nione hilo shati," akasema.

Kwanza alitia zipu, ikang'ata kitambaa ikagoma. Akatia ule utepe wa kunatana, lakini kila ulipobanduka ulitoa mlio wa nguo inayochanika.

"Nikijikuna tu, kijiwe kizima kitageuka," Mwalimu alisema. "Mke wangu, achana nalo."

Wapi! Alinunua mikoba mikuukuu kumi na miwili, akachomoa sumaku zinazofunga midomo yake, akazificha ndani ya kitambaa, sita upande huu na sita upande ule. Vifungo vyenyewe akavishona juu ya matundu, viwe pambo tu. Kwa nje shati lilikuwa shati. Kwa furaha aliyokuwa nayo hata hakulijaribu, akalipeleka mbio. Mwalimu aliposogeza pande mbili zikutane, zikakimbiana kama majirani waliogombana. Sumaku nne zilikuwa zimeshonwa kinyume.

Mwalimu akaangua kicheko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza tangu augue, na mkewe akacheka naye huku akitafuta mkasi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alilichukua shati lililorekebishwa, akaingia nalo chumbani na kufunga mlango. Mama Hebu akasimama nje, roho juu. Alijua kwamba likishindikana na hili, mumewe hatakubali kujaribu jingine. Akasikia tak. Tak. Halafu kimya, kimya kirefu. Mkono wake ukakishika kitasa, akaurudisha kwa shida. Tak.

Mlango ukafunguka. Vifungo vilikuwa vimekaa mahali pake vyote, mpaka shingoni. Ila kola ilikuwa imekunjika kwa ndani, upande wa kushoto, na vidole vya Mama Hebu vikaanza kuwasha. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua kuinyoosha.

"Niko sawa?" Mwalimu akauliza.

Mama Hebu akaificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Uko sawa kabisa, Mwalimu. Wahi, wenzako wanakungoja."