Likizo ya Meno Manane

Kazi ya Mama Meno ilikuwa kusubiri meno yachoke. Msicheke. Alilipwa mshahara kwa hilo, akakatwa kodi kama sisi wengine, na kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na mtu katika taasisi yetu aliyempita kwa kusubiri.

Mimi ni karani wa masjala. Faili haliendi popote bila kupita mikononi mwangu, kwa hiyo mambo haya nimeyaona mwanzo hadi mwisho, na hao wanaoyasimulia kantini wanatia chumvi tu.

Chumba chake kilikuwa namba nne, mwisho wa korido. Humo mlikuwa na mashine yenye vibakuli vinane, na kila kibakuli kina jino lake la kauri, zile kofia nyeupe ambazo daktari huvisha jino lililomegeka. Maji ya vuguvugu yalizunguka humo, nyuzi thelathini na saba, joto la mdomo wa mtu. Juu ya kila jino kulikuwa na fimbo ya chuma iliyoshuka, ikabonyeza, ikapanda. Tak, tak, tak, usiku na mchana, mara milioni moja na laki mbili. Wataalamu wanasema hiyo ni sawa na mtu kutafuna miaka mitano. Mashine iliimaliza miaka hiyo kwa siku tisa. Na kauri ina tabia mbaya: haivimbi, haiumi, hailalamiki. Inavumilia kimya kimya, halafu siku moja, kwa tonge laini kabisa, inapasuka. Huo ndio wataalamu wanaouita uchovu.

Asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, Mama Meno alichungulia jino moja moja kwa lenzi akitafuta ufa, kisha akajaza Fomu ya Taarifa ya Uchovu na kuniletea nakala. Yeye mwenyewe alikuwa na pengo upande wa juu kushoto, na lilionekana kila alipocheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Niliwahi kumuuliza kwa nini asivishwe kofia moja kati ya hizo zake.

“Mganga hajigangi, mdogo wangu,” alinijibu. “Halafu mimi nazijua mno.”

Mwaka huo binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, alipata mimba ya kwanza. Mama Meno akawa anataka kitu kimoja tu duniani: awepo siku ya kujifungua. Mkwewe alikuwa mtu mwema, ila akiona damu anazimia, hata ya mbu. Mama Meno hakuwa amekwenda likizo miaka minne. Akaomba siku kumi na nne. Barua ikarudi: “Haijakubaliwa. Nani atakaa na meno?” Akaomba tena, ikarudi vile vile. Mara ya tatu nilimwandikia mimi, Kiswahili kizito, “kwa heshima na taadhima” nimeitia mara tatu. Ikarudi na neno moja: “Meno?”

Hapo ndipo tulipoletewa afisa utumishi mpya. Nilimbandika jina la Kanuni siku ya kwanza, na halijabanduka hadi leo. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye huruma ya kweli, sikatai. Kasoro yake ilikuwa moja: alisoma kila karatasi iliyofika mezani kwake.

Jumatatu moja alitoka ofisini na fomu mkononi, akanisomea: “Namba 3. Laki sita na elfu thelathini bila kupumzika, ndani ya maji. Dalili: ufa mdogo ubavuni. Hatua iliyochukuliwa: kuendelea na kazi. Namba 5. Kupasuka. Hatua iliyochukuliwa: kutupwa.” Akanitazama. “Karani! Watu wanapasuka katika taasisi hii, na wanatupwa?”

“Bosi, hao siyo...”

“Usiwatetee!”

Saa moja haikupita, waraka ukawa umeandikwa, mkurugenzi ameutia saini bila kuusoma kama kawaida yake, na muhuri nimeupiga mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa kupiga mihuri. Waraka ulisema hivi: wote wanane wa chumba namba nne wapewe mapumziko ya siku kumi na nne, kuanzia leo, chini ya uangalizi wa msimamizi wao. Namba 5 atafutwe popote alipotupwa, arudishwe kwa wenzake. Na kuanzia sasa, yeyote atakayeandikwa kwenye Fomu ya Uchovu kuwa ana ufa, apumzishwe siku hiyo hiyo bila kupitia kamati.

Kisha akashuka mwenyewe kwenda kuwapa pole, amebeba katoni ya maji ya kunywa. Nilimfuata. Jambo kama hilo halikosi mashahidi.

“Wako wapi?” aliuliza mlangoni.

“Hawa hapa,” alisema Mama Meno, akaonyesha vibakuli.

Kanuni aliinama. Akatazama cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane. Tak, tak, tak.

“Ni meno,” alisema.

“Ndiyo, mwanangu. Ya kauri.”

Angeweza kucheka, nasi tungecheka naye, yangekwisha. Lakini waraka wenye muhuri haufutwi ila na kamati, na kamati ingeuliza ni nani huyo asiyejua kutofautisha jino na mtumishi. Akanyoosha tai yake. “Waraka ni waraka,” alisema. “Zima mashine.”

Hivyo ndivyo meno manane yalivyokwenda likizo. Namba 5 alipatikana kwenye kopo la taka, nusu yake, akarudishwa kibakulini kwa wenzake. Chumba kikawa kimya mpaka masikio yakauma.

“Basi na mimi sasa naweza kwenda kwa binti yangu,” alisema Mama Meno, uso umemkunjuka.

“Mama, utaondokaje na wewe ndiye msimamizi wao?” alisema Kanuni, kwa upole kabisa. “Soma mstari wa pili.”

Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Vipande vya kauri vilikuwa mapumzikoni kwa haki zote, na mwanamke wa miaka hamsini na saba amekaa kwenye stuli anavilinda visifanye nini, sijui.

Siku ya tatu alikuja masjala tunywe chai. Simu yake ikalia, akaiweka mezani kwa sauti ya juu, kwani mashine ile ilikwisha kumpunguzia usikivu.

“Mama, daktari anasema ni kesho au keshokutwa. Unakuja?”

“Mwanangu, nitakujaje? Meno yako likizo.”

“Meno yako wapi?”

“Usiniulize. Yule jirani yako si yupo? Mwenye moyo mzuri. Atakushika mkono.”

“Mama,” binti alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Jino la pembe si dawa ya pengo.” Akakata.

Kama kuna methali iliyokuwa mwiko katika chumba namba nne, ni hiyo. Watu wamesoma hadi mvi zikawatoka ili kuikanusha. Ulimi wa Mama Meno ukatafuta pengo lake, kama alivyozoea akiwaza, kisha machozi yakamshuka na kuingia kwenye chai.

“Nimechoka,” alisema.

Miaka yote hiyo nilimsikia akisema limechoka. Nilimsikia akisema yamechoka. Nimechoka sikuwahi kuisikia kinywani mwake, na nadhani na yeye ilimshtua, kwa sababu aliacha kulia, akanitazama, nikamtazama.

“Fomu unazo?” aliuliza.

Nilikuwa nazo droo nzima. Mistari ilikuwa minane. Akachora wa tisa kwa rula, maana alikuwa mtu wa kazi safi. Aliujaza kwa mwandiko ule ule, nami nikaipeleka fomu kwa Kanuni.

Alisoma kwa sauti. “Namba 9. Umri: miaka hamsini na saba.” Akainua macho. “Jino gani hili?”

“La zamani, bosi. Tumelikuta hapa sote.”

“Mizunguko: haijawahi kuhesabiwa. Dalili: ufa, hauonekani kwa lenzi. Hatua: usipoziba ufa utajenga ukuta.” Akaisoma tena toka mwanzo. “Na likipumzishwa,” alisema taratibu, “lina pa kwenda?”

“Lina binti, bosi.”

Sijui alijua nini wala alianza kujua lini. Ninachojua ni kwamba alitia saini, na kalamu ikatoboa karatasi. “Liondoke leo leo,” alisema. “Basi la mwisho ni saa kumi.”

Uangalizi wa meno nikaandikiwa mimi. Kila asubuhi Kanuni alipita mlangoni, akiogopa kuingia, na kuuliza wanaendeleaje. Nami nilimjibu kwamba wamelala, bosi, ila Namba 5 bado hajawa mzima.

Siku kumi na nne zilipokwisha, Mama Meno alirudi. Hata mkoba hakuuweka chini. Alipandisha mkono wa blauzi, akanionyesha. Juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na alama za meno, safu mbili, zambarau zinazogeuka kuwa manjano.

“Uchungu ulipomzidi, muuguzi alimpa kitambaa aume,” alisema. “Akakitema. Akanivuta mkono. Mara kumi na moja, mdogo wangu, ndipo mtoto akatoka. Nimehesabu.”

“Ukamwacha tu?”

“Ulitaka amuume nani? Jirani?”

Akacheka, pengo lote nje, kisha akaniomba fomu mpya, akachora tena mstari wa tisa, kwa kuwa taarifa ya Namba 9 ilikuwa haijafungwa na yeye hakuwahi kuacha taarifa wazi. Mizunguko: kumi na moja. Dalili za uchovu: hakuna. Kwenye hatua iliyochukuliwa aliwaza kidogo, ulimi pengoni, halafu akaandika neno moja: “Bibi.”

Nikapiga muhuri.