Mshelisheli wa Uani

Mkataba wa kununua nyumba ya Tibirinzi niliuandika mimi. Mama hakutaka wakili. Alisema nyumba yenye mtu anayeandika vitabu haina haja ya kumlipa mwengine kwa karatasi moja. Magoti yake yalikuwa yameshachoshwa na jiko la maandazi, naye alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kupangisha walimu, na uani aongeze vyumba viwili, ale kodi bila kuinama tena motoni.

Niliuandika kwa mapenzi. Nikaeleza kuta za mawe na udongo, bati lililoiva kutu hadi rangi ya karafuu kavu, njia nyembamba ya kisimani. Sheha, mkuu wa mtaa, aliusoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Mzuri mno huu," alisema. "Na miti?"

"Miti gani, Sheha?"

"Kuna mshelisheli uani. Mmeshaulizana?"

Aliyetuuzia, mwanamume mpole, alikohoa akatazama dirishani. Nikajibu ndiyo, tumeulizana, maana nilitaka muhuri ugongwe nirudi kwenye riwaya yangu. Ukagongwa.

Asubuhi ya kuchimba msingi, fundi ameshavuta kamba kuuzunguka ule mti aukate, bibi mmoja alipiga hodi. Mkononi ana ngoeko ya kuangulia matunda, na kwapani pakacha tupu.

"Shikamoo, Bi," mama alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuangua shelisheli zangu. Naona mti wangu mmeufunga kamba kama mbuzi wa Idi."

Mama alicheka, kisha akaacha. "Wako, Bi?"

"Kaupanda mama yangu, enzi alizopewa hapa mahali pa kukaa. Nyumba watu wameuziana, mti hajauza mtu. Kila msimu natoka Kiuyu nakuja kuangua. Muulizeni aliyewauzia."

Tulimpigia simu. "Mie nimeuza changu," alisema yule mpole. "Mwanao angeniuliza, ningemwambia."

Mama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Kwetu ardhi ni ya Serikali, nyumba ni ya aliyejenga na mti ni wa aliyepanda, na hayo nimeyajua kabla ya kujua kusoma. Nimekua nikiona watu wakichuma karafuu katikati ya mihogo ya wengine, na hakuna aliyeshangaa. Nilijua, nikaona uvivu kuuliza.

Nilikwenda Kiuyu kuununua mti. Bibi alinikaribisha jamvini, akanipa chai.

"Ungekuwa wangu peke yangu ningekuuzia leo hii," alisema. "Mama yetu katuacha sita. Wawili wameshatangulia mbele ya haki, wameacha watoto. Mmoja alikwenda Maskati, hatumjui alipo. Mirathi haijagawiwa. Nikikuuzia peke yangu, nimekula mali ya yatima."

Kwa kadhi niliambiwa hivyo hivyo: waje warithi wote, au mawakili wao. Nikauliza, na asiyejulikana alipo? Karani akafunga faili taratibu, akaniambia nimtafute.

Fundi alikuwa na njia fupi. "Maji ya chumvi ya moto kwenye mizizi," alituambia kwa sauti ya chini. "Baada ya muda unakauka wenyewe. Amri ya Mungu."

"Usimtwishe Mungu kazi yako," mama alimjibu. "Kunja kamba yako."

Nakiri kwamba kwa siku kadhaa niliyawaza yale maji, hata nikitazama karatasi tupu nayaona yakichemka.

Mwishowe mama alinipeleka tena kwa Sheha. Hakutaka mkataba mpya, alitaka mstari mmoja chini ya ule wa zamani.

"Andika," aliniambia. "Mshelisheli si wetu, na wenyewe wana njia ya kuuendea. Usitie maua."

Niliandika. Sheha akauliza, je, walimu watakubali nyumba ya mbele peke yake?

"Nshawauliza. Wanataka choo cha ndani," mama alisema. "Na choo kilikuwa kijengwe pamoja na vile vyumba, pale penye mti."

Sheha akagonga muhuri chini ya ule mstari. Mama alishika meza ainuke, goti likagoma. Nilimnyooshea mkono. Akaendelea kushika meza.