Bastola ya Mti Iliyonenepa

Watu wanaomsifu shemeji yangu ni wale ambao hawajawahi kukaa naye ukuta mmoja. Mimi nimekaa naye, tena si ukuta bali ubao, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya kwake, vitambaa vyangu vinatikisika. Upande wangu nashona sare za shule. Upande wake ni karakana ya ngozi inayotengeneza ala za bastola, hizi ambazo walinzi huvaa kiunoni, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: BINGWA. Jina hilo alijipa mwenyewe. Mwanzoni watu walicheka, naye akaendelea kujiita hivyo mpaka wakachoka kucheka, na sasa hata watoto wao wanamwita Bingwa bila kujua kwamba kuna kichekesho.

Nitayaeleza maisha yake mimi, maana akiachiwa ayaeleze mwenyewe atayatia chumvi mpaka yasilike.

Alianza na viatu. Hapendi hilo lisemwe, ndiyo maana nalisema kwanza. Mjomba wake alikuwa fundi viatu, akamfundisha kubandika soli na kushona makubazi, na kwa maneno ya mjomba mwenyewe, mpwa wake alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mzito. Siku moja mlinzi wa benki akaleta ala yake iliyotafunwa na panya. Shemeji akaitengeneza upya kwa kuiga ile ya zamani, mlinzi akaivaa, akasema, "Kazi safi," akaenda zake. Maneno mawili hayo yakamvimbisha kichwa mtu mzima. Tangu hapo hakugusa tena kiatu.

"Viatu ni mambo ya miguuni," akawa anawaambia watu. "Mimi nashughulika na kiunoni."

Na huyu bingwa wa mambo ya bastola, bastola yenyewe anaiogopa kama nini sijui. Mteja akija na silaha, lazima kwanza atoe risasi na kuziweka kwenye kibakuli dirishani, na wakati zinatolewa shemeji anageukia ukutani akijifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Lakini akialikwa harusini anavaa ala yake mwenyewe iliyojazwa vitambaa ndani, koti analiacha wazi kidogo, na mtu akimwuliza, "Mzee ulikuwa jeshini?" anatabasamu na kutazama mbali. Vile vitambaa ni vyangu. Huja kuviomba akisema ni vya kufutia meza.

Sasa njoo kwa dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, ambaye bahati mbaya ilimfikisha kwa huyu. Aliolewa akiwa hajui tofauti ya ngozi ya ng'ombe na ya mbuzi. Shemeji akamfundisha kushona kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anajichoma vidole na kulalamika kutwa. Ala haishonwi kwa cherehani. Unatoboa kwa msharasi, kisha unapitisha uzi mmoja wenye sindano mbili, moja huku moja kule, zinapishana ndani ya tundu moja na kuvutwa kwa nguvu sawa. Ukivuta zaidi upande mmoja, mshono unapinda na ngozi inakunja uso. Dada alikuwa na mkono wa hilo. Baada ya kushona akachukua kukata, baada ya kukata akachukua kuloweka na kufinyanga, na Bingwa akajibakizia kazi mbili: kupokea wateja, na kugonga muhuri wa jina lake kwenye ngozi kwa nyundo. Kugonga muhuri alikufanya kwa kishindo, akipumua kama mpasua kuni.

Mteja akisifu mshono, shemeji anajipiga kifua. "Mkono huu," anasema, anaunyanyua juu. Dada yupo pale pale kwenye kigoda, sindano mbili mkononi, anatazama chini.

Nilimwuliza mara nyingi anavumilia nini. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sitaki makubwa. Nataka siku moja tu, mbele ya mteja, kwa mdomo wake mwenyewe, aseme: fundi ni huyu. Basi. Nikishasikia hivyo nitashona mpaka nizeeke." Kitu kidogo namna hiyo! Mimi ningeshamwacha hata kabla ya kuomba. Lakini dada alikitaka kweli, akakingojea mwaka baada ya mwaka.

Tatizo lililomvua nguo shemeji lilianza na bastola ya mti. Ngozi ya ala hulowekwa kwenye karai mpaka iache kutoa mapovu, halafu inafunikwa juu ya bastola ya mti inayofanana na ile ya kweli, unaisugua na kuikandamiza kwa mfupa laini wa ubavu wa ng'ombe mpaka umbo litokeze. Ikikaukia hapo kivulini inashika umbo hilo, na bastola ya kweli ikiingia inabanwa kama mguu kwenye kiatu cha saizi yake. Ile ya mti ilichongwa na seremala wa mtaa wa nyuma. Shemeji anasema aliichonga mwenyewe. Haidhuru. Alichokifanya mwenyewe ni kuipenda kupita kiasi, kuipangusa, kuiweka juu ya kabati kwenye kitambaa cheupe, na kila ikififia kidogo, kuipaka vanishi.

Vanishi juu ya vanishi, miaka nenda rudi! Mti ukawa unanenepa. Si kwa jicho, lakini ngozi haidanganyiki. Ala zikaanza kutoka pana. Walinzi wakarudi wakilalamika kwamba bastola inacheza, mmoja ilimdondoka akiwa anapanda ngazi za ofisi, watu wakalala chini. Bingwa akawajibu kwamba wamekonda viuno, waende wakale vizuri.

Dada aliligundua siku nyingi. Akamwambia, "Baba watoto, hii vanishi imezidi, tuikwangue."

"Nani amekuuliza?" akasema shemeji. "Hiyo ndiyo roho ya karakana. Wewe shona."

Basi dada akawa anaikwangua kwa siri, msasa kidogo leo, msasa kidogo kesho, na ala zikarudi kubana. Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeshukuru. Mpaka siku shemeji aliposhika bastola yake ya mti akaona haing'ai upande mmoja. Nilisikia kila neno kupitia ubaoni. Alimwita mharibifu, alimwita mwanamke asiyejua thamani ya kitu, mwisho akamwambia asikanyage tena karakana yake. Dada akachukua sindano zake akaja kukaa kwangu, akanisaidia kutia vifungo kwenye sare. Upande wa pili tukasikia harufu. Mwenzetu alikuwa anapaka vanishi.

Wakati huo huo kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inatafuta fundi wa kuwatengenezea ala walinzi wake wote. Mkuu wao, mwanajeshi mstaafu wa kweli, si wa vitambaa, alikuwa ameshaletewa ala za nailoni na alisema wazi kwamba za ngozi zikimridhisha atachukua hizo, zisipomridhisha basi. Shemeji akatengeneza ya mfano peke yake. Mshono ulikwenda upogoupogo, lakini aliupaka nta nyingi usionekane.

Mkuu akaja. Risasi zikaenda kwenye kibakuli, shemeji akaukagua ukuta kama kawaida yake. Kisha akachukua bastola ya mkuu, akaichomeka kwenye ala, akapanda juu ya benchi ili majirani wote waone, akaipindua juu chini.

"Tazama, mkuu. Tikisa unavyotaka, hii haitoki!" Akaitikisa.

Ikatoka. Ikaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya gundi, tena gundi ya moto, ikazama taratibu mpaka kitako kikapotea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilicheka mpaka nikashika fremu. Sioni haya kusema hivyo.

"Bastola za siku hizi," akasema shemeji akiwa bado juu ya benchi, "zimekonda."

Mkuu hakucheka. Aliitoa silaha yake kwa koleo, gundi inaning'inia, akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele: "Bwana, nimesikia karakana hii ina mkono mzuri. Huu sio. Nitarudi mara moja tu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Nikute ala za walinzi wa zamu nzima, na ziwe hazijapakwa nta, niukague mshono kwa macho yangu."

Jioni ile Bingwa akabisha hodi kwangu. Huwa habishi hodi, huwa anaingia tu. Alikaa ukingoni mwa kiti akakohoa, akasifu sare, akauliza hali ya afya yangu. Dada akaendelea kutia vifungo.

"Mama watoto," akasema mwishowe, "kazi imelala."

"Niliambiwa nisikanyage."

"Aa, yale ni maneno tu."

Dada akakata uzi kwa meno. "Nitakuja. Lakini huyo mkuu akiuliza, umwambie fundi ni nani. Sitaki kingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nitamwambia. Kwani kuna shida gani?" Akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa mlangoni. "Shemeji yangu hapa ndiye shahidi."

Shahidi kweli nilikuwa. Dada aliibandua ile vanishi yote, ikawa inatoka maganda maganda kama kitunguu, mpaka mti wenyewe ukaonekana, mwembamba, mweusi, na alama za patasi ya seremala. Shemeji alitoka nje asione. Kisha dada akaanza kazi. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi na furaha namna ile. Alikuwa anaimba! Vidole vilichubuka kwa uzi, akavifunga vitambaa akaendelea. Ngozi ikikauka aliinusa, akaipigapiga kwa kucha, akaisikiliza. Aliponionyesha ala ya kwanza, mishono ilikuwa imekaa kama punje kwenye gunzi, na hata mimi nisiyependa kitu chochote cha upande ule wa ubao niliigeuzageuza mikononi nisitake kuirudisha.

Siku yenyewe alivaa gauni lake la kutokea. Akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

Mkuu akachukua ala moja baada ya nyingine. Akachomeka bastola, akapindua, akatikisa, akaruka nayo, mtu mzima na kitambi chake. Haikucheza. Akapeleka mshono dirishani, akaupitishia kidole huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi hii," akasema. "Hii ndiyo niliyoambiwa. Ameifanya nani?"

Dada akainua uso. Nakiri nilimwombea shemeji, mimi ninayemjua, nilimwombea aseme neno lile moja tu na nitamsamehe hata vitambaa. Akafungua mdomo, akamtazama mkewe, akamtazama mkuu na mabega yake mapana, na nikaona kifua kinaanza kupanda.

"Mkono ni wangu, mkuu," akasema. "Mama watoto hapa alinisaidia kidogo."

Kidogo!

Dada alisimama, akazikusanya ala zote zilizokuwa mezani kwa mikono miwili, akamwomba mkuu ile aliyoishika, naye akampa kwa adabu, hajui litakalofuata. Akaenda nazo kwenye karai lililojaa maji akazizamisha. Ngozi isiyo na nta inakunywa maji kama ilikuwa jangwani. Mapovu yakapanda. Alizikamua kama anayefua nguo, akazikandakanda mpaka zikapoteza umbo, kisha akazitupa mezani, moja juu ya nyingine, zimelegea, hazifanani na chochote.

Shemeji alikuwa ameshika kichwa. "Umefanya nini? Mwanamke, umefanya nini?"

"Nimekuachia kilichobaki," akasema dada. "Mimi nilisaidia kidogo tu."

Mkuu wa walinzi akamtazama dada, akatazama lile rundo linalochuruzika maji, akaelewa, maana hakuwa mjinga. Akavua kofia.

"Mama," akamwuliza, "itachukua muda gani kuzitengeneza tena?"

Dada alikuwa tayari anachukua sindano zake. Akajipangusa mikono kwenye gauni lake la kutokea, akapita mbele yetu wote.

"Muulize fundi," akasema, akatoka.