Mashine Mbili za Yotham

Kwa miaka mingi Yotham alikuwa akijitolea katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kujitolea mnakujua: unafika kabla ya wote, unaondoka baada ya wote, na siku ya mshahara unabaki kuwaangalia wenzako wanavyotabasamu. Kompyuta za ghorofa nzima alizilea yeye. Printa ikitafuna karatasi, aitwe Yotham. Bosi akisahau neno la siri, aitwe Yotham. Mama yake, Anyesi, aliwatambia majirani huko Hombolo kwamba mwanawe yuko serikalini, kisha mwisho wa mwezi akamtumia huyo mtu wa serikali unga wa mtama.

Miaka hiyo ilimfundisha jambo baya. Siku moja umeme ulikatika eneo lote, na Yudith wa masijala akachungulia dirishani.

"We Yotham, umegusa nini huko?"

Yotham alikuwa nje, chapati mkononi, hajagusa chochote. Aliitia mfukoni, akapanda ngazi mbio, akaanza kukagua nyaya. Hakuna aliyecheka, maana walikwishazoea, na yeye kuliko wao. Kitu chochote kikiharibika, alianza kutafuta kosa lake. Angekuwa ndugu yangu ningemshika mabega nimtikise.

Hatimaye akaitwa kwenye usaili wa taasisi moja mjini. Nafasi ilikuwa moja, ya ajira ya kudumu, na waliofika hatua ya vitendo walijaa chumba. Swali lilikuwa hili: ndani ya kompyuta uliyopewa, tengeneza mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kuigiza zinazoishi ndani ya ile ya kweli. Zifanye ziwasiliane zenyewe kwa zenyewe, na zote mbili zipate intaneti.

Yotham alilisoma akashusha pumzi. Alijua wengi hukwama wapi. Ukifuata njia moja, mashine zinapata intaneti lakini hazionani. Ukifuata nyingine, zinaonana lakini zimefungiwa ndani. Dawa yake ni kuipa kila mashine kadi mbili za mtandao, moja ya kuongea na mwenzake, nyingine ya kutokea nje. Akazipanga bila papara. Akatuma salamu kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili, nayo ikajibu. Akajaribu kinyume chake, ikajibu tena. Moyo ulimruka kwa furaha, na kwa mara ya kwanza alithubutu kuuwaza mshahara.

Kisha akajaribu intaneti. Kimya. Akajaribu kwenye mashine ya pili, nayo kimya.

Hapo ndipo mtu mwingine angeinua mkono. Msimamizi alikuwa amekaa pale mbele, mzee mwenye miwani, anapitia simu yake. Yotham alimtazama mara moja, akaona aibu. Aulize nini? Chumba cha watu, mtandao wa watu, na yeye ni mtu wa kujitolea tu. Pembeni yake Jenifa, binti aliyemaliza chuo juzijuzi kule Chimwaga, alikuwa ameegemea kiti, amekunja mikono. Yotham akaamini kwamba kwa Jenifa intaneti inafanya kazi.

Basi akaanza kutafuta kosa lake. Akabadilisha anwani. Akaiondoa kadi ya nje, akairudisha, akaiondoa tena. Akagusa na ile ya ndani, na sasa mashine hazikuonana hata zenyewe. Jasho lilimtoka. Hakukumbuka tena mwanzo alipanga vipi, na kila alichogusa kilizidi kuharibika. Akaona bora aanze upya. Akazifuta zote mbili.

Jenifa akainua mkono.

"Mzee, naomba kuuliza. Hivi humu intaneti ipo?"

"Haipo tangu asubuhi," msimamizi alisema, macho yakiwa kwenye simu. "Msihangaike nayo. Sisi tunaangalia mpangilio wenu tu. Si niliwaambia?"

Hakuwa amewaambia. Watu waliguna, wengine wakacheka kwa nafuu, wakaacha kugusa kompyuta zao. Yotham alikuwa amekwisha kuzifuta zake. Alianza kutengeneza mashine mpya, akaitazama ikijisakinisha taratibu, na hakuwa na namna yoyote ya kuiharakisha. Alijisikia mnyonge kabisa. Ilikuwa haijafika hata nusu waliposema muda umekwisha.

Msimamizi akapita kiti hadi kiti, akiandika alama. Kwa Jenifa aliridhika. Kwa Yotham alisimama, akavua miwani, akakitazama kioo kisicho na kitu. Hakuwa mtu mkali. Sauti yake ilikuwa ya huruma.

"Kijana, wewe hata hujaanza?"

Maneno yote yalikuwepo: kwamba alikuwa amekwisha kuzipanga, kwamba mashine zake zilisalimiana, kwamba aliyezivunja ni yeye mwenyewe kwa kosa lisilo lake.

"Sijaanza, mzee," alisema Yotham. "Samahani."