Damu Iliyolimwa

Kwenye dirisha la maabara ya hospitali moja Lilongwe nilisimama na mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mkulima kutoka Fizi, Kongo. Mtoto wake alikuwa wodini, nimonia imembana kifua, na dawa ya kwanza haikumsaidia. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa kuwa nimesoma Bukavu. Mpimaji aliposema kwa Kiingereza kwamba damu imefanyiwa "kalcha", nikakumbuka Kifaransa cha shuleni, ambako neno hilo ni kilimo, nikatafsiri: "Mama, damu ya mtoto banailima."

Mama akaweka kitenge sawa begani. "Damu ya mtoto wangu njo shamba?"

Mpimaji alipoelezwa hasira hiyo, hakucheka. Alileta sahani yenye kifuniko, akaiinua nyuma ya kioo. Juu ya utando mwekundu palikuwa na vidoa vidogo: bakteria walioota kutoka damu ya mtoto. Katikati yao kulikuwa na vidonge vya karatasi, kila kimoja na dawa yake.

Mama akainama kama anakagua kitalu cha nyanya. Kidole chake kikagota kioo mbele ya kidonge kimoja kilichozungukwa na duara tupu. "Hapa hakukuota kitu. Bamupe hii."

Nikatafsiri. Mpimaji akanionyesha fomu aliyokwisha kuijaza: dawa ni ileile aliyoionyesha mama. "Zikomo, amayi," akamshukuru kwa Kichewa, akiinamisha kichwa.

Juma lililofuata mtoto alirudi Dzaleka mgongoni, akilia kwa pumzi kamili. Wenzangu wenye shule bado wananicheka kwa tafsiri ile. Waache wacheke. Mkulima wetu aliielewa.