Biskuti Alikuja na Fomu

Enzi zetu mbwa hakuombwa kwa fomu. Mbwa alizaa chini ya gari bovu, na mtoto wa kwanza kuwaona wale wadogo alipiga kelele, "Huyu wangu!" Basi, kesi imekwisha. Ulimbeba ndani ya shati, kucha zikikukwaruza tumbo, ukampa maziwa ya shule yaliyobaki kwenye ile pakiti ya pembe tatu, ukamwita Simba hata kama ni jike. Nyinyi wa rika langu mliokulia Majengo mnajua ninachosema. Mnakumbuka vumbi la bano, zile gololi zetu, na mchezo wa kati tuliorushiana mpira wa soksi kuukuu, na mabuyu yaliyotuacha na ulimi mwekundu mpaka kanisani. Mnakumbuka harufu ya mahamri ya jirani yetu Bi Zuhura ikipita dirisha hadi dirisha asubuhi. Mama yangu aliuza sukuma wiki mlangoni, na kila siku alinifokea, "We Njeri, huyo mbwa akiingia ndani, wewe unatoka!" Mbwa aliingia na mimi sikutoka. Huyo ndiye mama niliyekuwa naye.

Sasa sikieni ya mwaka huu. Mimi hushona ngozi Kariokor, viatu na mishipi, na siku hizi mikanda ya shingo ya mbwa. Kuna msichana mteja wangu anaitwa Nekesa, anakaa Buruburu. Kazi aliyojipa ni kuokota watoto wa mbwa mitaroni, anawalea kwake mpaka wapate wenyewe. Siku moja akaja na kamoja kifuani, kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Ati nikapime shingo. Kakanilamba kidole chenye gundi. Kijana wangu Kevo alishahamia Mombasa na nyumba imekuwa kimya, kwa hivyo nikasema, "Huyu niachie mimi."

"Haiendi hivyo, Mama Kevo. Kuna fomu."

Nikacheka. Mwisho wangu ni darasa la tano, akanisomea yeye. Unaishi na nani? Ukisafiri nani atamlisha? Umewahi kupiga mnyama?

"Kwani huyu mbwa ananioa?"

"Ngoja, bado. Lazima nije kwako nione atakapolala. Na nitaongea na majirani."

Nilikaa juu ya gunia la ngozi. Hata mimi niliwahi kuhamishwa nyumba.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipofariki. Matanga yalipoisha, Anti Rosemary, dada yake mama, alinifungia nguo kwenye leso tukaenda Buruburu hiyo hiyo, feizi tatu, yaani awamu ya tatu ya zile nyumba. Mumewe Githinji alikuwa karani wa serikali. Majengo nzima ilisema nina bahati: choo ndani, televisheni sebuleni. Hakuna aliyeuliza nitalala wapi. Nililala stoo, kando ya debe la mafuta taa. Niliamka kabla ya kila mtu, nikafua, nikabeba mtoto wao mgongoni, mpaka shule ikaachwa. Majina nayataja, nimechoka kuwafichia. Rosemary ndiye aliyenichapa kwa waya wa pasi. Githinji ndiye aliyeinuka kuongeza sauti ya televisheni.

Mara moja nilitoroka. Nilifuata Jogoo Road peku mpaka Majengo. Bi Zuhura alinipa chai na mahamri mawili, akaniosha miguu kwa maji ya moto. Halafu akavaa buibui lake, akanishika mkono, akanirudisha. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa watu akija kwako analishwa, kisha anarudishwa kwa wenyewe, na wewe mkubwa unamwombea msamaha. "Mwanangu, hawa ndio watu wako sasa," akaniambia getini. Rosemary akamshukuru sana, akamkaribisha juisi. Mimi nikawa naangalia ile glasi ikipungua, nikijua ikiisha Bi Zuhura ataondoka.

Ndiyo maana Nekesa aliposoma mstari wa mwisho wa ile fomu nilimwambia arudie. "Ukishindwa naye, au ukiona haishi vizuri kwako, usimpe mtu mwingine. Mrudishe kwetu, saa yoyote, na hatutakugombeza."

"Saa yoyote?"

"Saa yoyote."

"Mbwa?"

"Mbwa, Mama Kevo."

Jamani, nilimfukuza. Nilimwambia achukue mbwa wake na karatasi zake aende. Jioni ile nilishona kiatu cha kushoto mara mbili, cha kulia nikasahau. Nisiwafiche, nilimwonea wivu mtoto wa mbwa. Lakini siku ya tatu nikapiga simu nikasema, njoo uone nyumba.

Alikuja kwangu Maringo. Akapima kwa kiganja nafasi iliyo chini ya geti, akachungulia jikoni, halafu akaenda kwa Mama Otis, jirani wa mlango wa pili. Mimi nikaganda pale mlangoni. Fomu ile sasa niliitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote. Niliogopa kwamba mtu aliyelelewa na Rosemary huonekana hata kwa mbali, na majirani wanajua ila wananyamaza.

"Huyu?" Mama Otis akasema kwa sauti ya soko zima. "Mdomo ni moto, lakini mkono hauinuki. Amelea Kevo hapa mbele yetu na sijasikia hata kofi. Ila asimpikie mbwa ugali wake, atamvunja meno!"

Nekesa alicheka. Mimi sikuweza. Nilishtuka vibaya. Kumbe majirani husikia. Kumbe ukiwauliza, wanasema.

Nikapewa. Anaitwa Biskuti, na ana kadi ya chanjo yenye picha yake. Mimi yangu ya kliniki sijawahi kuiona. Watoto wa hapa hawajui kumkimbiza wala kumfundisha kushika mpira. Wanampiga picha, wanaangalia picha, mbwa mwenyewe amesimama hapo anawangoja.

Baada ya wiki mbili geti likagongwa. Nekesa, bila kusema anakuja. Akachuchumaa, akapitisha vidole mbavuni mwa Biskuti, chini ya kwapa, nyuma ya mapaja, akitenganisha manyoya polepole kuangalia ngozi. Nilisimama nikavifuata vidole vyake kwa macho, kwa sababu kila vilipogusa napajua.

"Yuko sawa," akasema.

Enzi zetu zilikuwa tamu, nami nazililia kama nyinyi. Lakini pale kwa Githinji nilikaa miaka sita, geti liligongwa na watu wa kila aina, na hata mmoja hakusema amekuja kuona mtoto.