Nusu Kikombe cha Sukari

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na mimi nilikuwa nimechoka. Nisipoanza na hilo nitakuwa nadanganya. Tulitoka Kitshanga kwa pikipiki hadi Goma, barabara ikiwa na vizuizi vya wanajeshi, tukavuka mpaka, tukapanda basi siku mbili mpaka Nairobi. Daktari wa Goma alikuwa amesema mshipa mmoja wa moyo umeziba, na mashine ya kujua kama nyama iliyo nyuma yake bado iko hai kwetu haipo. Ikiwa hai, wangemfungulia mshipa. Ikiwa imekufa, turudi nyumbani na vidonge.

Kipimo chenyewe si kigumu kueleza. Mgonjwa anafunga tangu jana yake, anakunywa maji ya sukari ili moyo uanze kula sukari, halafu anadungwa sukari nyingine yenye mionzi kidogo. Nyama ya moyo iliyo hai huila, na mashine huonyesha ilikokwenda. Iliyokufa hubaki giza.

Mimi pia nilifunga. Kwetu huwezi kutafuna mbele ya mama yako mwenye njaa. Muuguzi alipomletea kikombe kikubwa na kutoka, mama alikunywa mpaka katikati, akanisogezea. Ndivyo alivyokuwa tangu vita vilipotukimbiza kutoka Buleusa, kijiji chetu cha zamani: chochote kilichoingia mkononi mwake alikikata mara mbili, kiwe kiazi, uji au maji ya mvua.

"Kunywa, mutoto yangu. Uko unatetemeka."

"Mama, hii njo dawa ya kipimo."

"Iko sukari tu. Mie nimeonja, inanitosha."

Nilijua si sawa. Lakini kubishana na mama kunataka nguvu, na mimi sikuwa nazo. Nikanywa.

Baadaye daktari wa Nairobi alituonyesha picha: moyo wote hafifu, hata upande usio na ugonjwa. Hakuweza kuisoma. Akauliza kama mgonjwa alimaliza kikombe.

"Nilimaliza yote," mama akajibu, kwa sauti yake ya kanisani.

Uongo ule ulikuwa wa kunifunika mimi, na nilitamani sana kuuacha upite. Nikasema, "Nusu nilikunywa mimi," kisha nikalia, mtu mzima mwenye watoto watatu. Daktari hakunifokea. Afadhali angefoka.

Sukari ya mionzi huisha nguvu siku hiyohiyo, kwa hiyo tulipangiwa wiki iliyofuata. Safari hii muuguzi hakutoka. Mama alishika kikombe kwa mikono miwili, akafika katikati, akasita, akanitazama. Nikageukia ukutani. Nikamsikia akimeza polepole, kama mtu anayeiba.

Picha ilisomeka. Nyama ilikuwa hai, karibu yote. Daktari alieleza kwamba kwa muda mrefu ilikuwa imejipunguzia kazi, ili iishi kwa damu kidogo iliyokuwa ikiifikia. Sasa wangeweza kumfungulia mshipa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaninyooshea kidole.

"Docta, huyu naye mumupatie chakula. Hajakula tangu jana."